Kipimo Ni Kesho Yake

Mwaka 1966 vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu huko Dallas, Marekani. Hawakuwa wakiumwa. Watafiti walitaka tu kujua mwili unafanya nini ukinyimwa kusimama na kutembea. Kabla ya kulala, na tena baada ya kuinuka, kila kijana alifanyishwa mazoezi hadi akaishiwa pumzi, na kiasi cha oksijeni ambacho mwili wake uliweza kutumia kwa dakika moja kikaandikwa. Wiki tatu za kitanda ziliondoa zaidi ya robo ya kiasi hicho. Moyo wenyewe ulikuwa umepungua ukubwa.

Miaka 30 baadaye walewale watano wakaitwa tena, sasa watu wazima wa miaka 50, wamenenepa. Walipimwa upya, na jibu lilikuwa gumu kuaminika: miaka 30 ya kuzeeka haikuwa imepunguza uwezo wa miili yao kama zilivyoupunguza zile wiki tatu za ujanani.

Utafiti wa namna hii ulisaidia kuwabadilisha madaktari. Zamani aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa chali wiki kadhaa, asiguse chini. Hata kabla ya Dallas, mwaka 1952, Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika jinsi walivyowakalisha wagonjwa kama hao kwenye viti badala ya kuwaacha wamelala, na wenzao wakaona ni kucheza na roho za watu. Leo mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa ainuke mapema atembee wodini, hata kama mama mkwe aliyekaa pembeni anaona manesi hawana huruma.

Kwa hiyo mtu akitoka hospitali amekonda, akapanda ngazi za benki akahema, si lazima awe amebaki na ugonjwa. Mwaka 2003 Margaret Herridge na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha habari za watu 109 waliokuwa wamelazwa chumba cha wagonjwa mahututi baada ya mapafu kushindwa kazi ghafla, wakanusurika. Walitoka chumbani humo wakiwa wamepoteza wastani wa asilimia 18 ya uzito wao. Baada ya mwaka mmoja mapafu ya wengi yalikuwa karibu yamerudi kawaida. Kilichokuwa bado hakijarudi ni misuli na nguvu, na karibu nusu yao tu ndio walikuwa wameweza kurejea kazini. Wengi hawakuwa wazee. Nusu yao walikuwa na miaka 45 au chini ya hapo. Tukimwona jirani ametoka hospitali miezi minne iliyopita na bado anatuma watoto dukani, tusiharakishe kusema amedeka.

Ingekuwa kila uchovu baada ya ugonjwa ni wa aina hii, ushauri ungekuwa mmoja: inuka, tembea, ongeza kidogo kidogo. Lakini kuna watu wanaofuata ushauri huo kwa uaminifu na kila wiki wanazidi kuporomoka. Kwa miaka mingi waliambiwa tatizo liko kichwani mwao.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kundi la watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, lilichapisha jaribio lililowaangalia watu hao kwa karibu. Walichukua wagonjwa 25 waliobaki na uchovu mrefu baada ya UVIKO-19, na wengine 21 waliowahi kuugua ugonjwa huohuo wakapona kabisa. Kila mmoja alikatwa kipande kidogo cha msuli wa paja. Wiki moja baadaye akapandishwa baiskeli ya maabara, akakanyaga pedali kwa robo saa hivi hadi mwisho wa uwezo wake. Kesho yake akakatwa kipande kingine. Vipande viwili, cha kabla na cha baada, vikawekwa chini ya hadubini.

Kwa wagonjwa, mitokondria, yaani vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, vilikuwa vinafanya kazi chini ya kiwango hata kabla ya baiskeli. Baada ya baiskeli vikazidi kudorora. Nyuzi za misuli zilionyesha majeraha, sehemu nyingine zimekufa, na askari wa kinga ya mwili wamejaa humo. Moyo na mapafu yao yalipopimwa yalikuwa yanafanya kazi vizuri. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii anaweza kuzunguka hospitali na kurudishwa nyumbani na karatasi inayosema kila kitu kiko sawa. Baadaye kundi hilohilo lililinganisha misuli ya wagonjwa na ya watu wenye afya waliolazwa kitandani siku 60, na katika taarifa yao ya awali hali hizo mbili hazikufanana. Tatizo hili, kwa maneno mengine, silo lile la vijana wa Dallas.

Jambo la kushikilia hapa ni muda. Wanaoporomoka namna hii mara nyingi hawaporomoki wakati wa kazi. Jumamosi anajisikia vizuri, anafua, anapanga kabati, anakwenda hadi sokoni na kurudi. Jumapili au Jumatatu ndipo mwili unakatika: viungo vinauma, kichwa kizito, maneno yanapotea katikati ya sentensi, usingizi haupumzishi. Hali hiyo huchukua saa 12 hadi 48 kujitokeza, na inaweza kudumu siku au wiki. Ni kama mkopo wa simu: unaupata saa hiyohiyo bila kuulizwa maswali, makato yanakuja baadaye, na yanazidi ulichokopa.

Uingereza, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba ilibadilisha msimamo mwaka 2021 kuhusu uchovu sugu wa aina hii. Mwongozo wa zamani uliruhusu mgonjwa apewe ratiba ya mazoezi yanayopanda kila wiki bila kujali anajisikiaje. Mpya unakataza ratiba hiyo. Kwa maoni yangu badiliko hilo lilichelewa sana. Wagonjwa walikuwa wameshalilia jambo hilo miaka mingi kabla ya hapo.

Basi mtu atajuaje yuko upande wa Dallas au wa Amsterdam? Kwanza apimwe. Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, TB iliyorudi, au moyo. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa, au mguu mmoja kuvimba ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, si ya kusubiri. Hayo yakishaondolewa, kipimo kilichobaki hakihitaji mashine. Ni daftari. Andika ulichofanya leo, kisha andika ulivyoamka kesho yake na keshokutwa. Aliyedhoofishwa na kitanda atachoka jioni, pengine misuli itamuuma, lakini kesho atainuka, na baada ya wiki mbili tatu ataona umbali anaoweza umeongezeka. Wa upande wa pili ataona mchoro mwingine: kila siku aliyojituma ina siku mbovu nyuma yake. Huyo apunguze mpaka afike kiwango ambacho kesho yake haibadiliki, akae hapohapo kwa muda, ndipo ajaribu kuongeza kidogo sana.

Chukua mwalimu wa darasa la tatu aliyerudi kazini baada ya homa kali ya mapafu. Akiulizwa kinachomchosha atasema ni mwendo wa kwenda kituoni. Daftari likishafunguliwa kwa wiki mbili, huenda likaonyesha kitu kingine: siku mbovu zinafuata siku zenye vipindi vitano mfululizo vya kusimama na kupaza sauti, au usiku aliosahihisha madaftari hadi saa tano. Ubongo wa mtu aliyetulia tu hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili. Kusahihisha ni kazi ya mwili pia. Akifundisha amekaa, akagawa madaftari kwa makundi matatu ya siku tatu, anaweza kubaki na mwendo wake wa kwenda kituoni, ambao pengine ndio unaomsaidia.

Kuna uchovu wa tatu, na mara nyingi huja umeshikana na aina hizo mbili. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure New York, aliandika kuhusu wenzake waliokuwa na moyo sana wa kusaidia watu, wakaishia kuchoka, kukereka na kutojali. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali hiyo mwaka 2019 lilisema wazi kwamba ni jambo la kazini, halikuliita ugonjwa: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi, na mtu haoni tena kama anafanya la maana. Chanzo chake ni msongo wa kazi usioshughulikiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa yake iko kazini kulekule. Kumpeleka mtu wa namna hii semina ya kujipenda na kumrudishia majukumu yaleyale Jumatatu ni kupoteza fedha za semina.

Mjerumani Sabine Sonnentag ametumia miaka mingi kuchunguza watu hufanya nini kati ya saa ya kutoka kazini na saa ya kulala. Kinachorudisha nguvu, anaonyesha, ni akili kuiacha kazi. Kukaa kwenye kochi huku kichwa kikiwa ofisini hakusaidii sana. Kisha kuna kinaya alichokieleza mwaka 2018: waliolemewa zaidi, wanaohitaji kupumzika kuliko wote, ndio wanaoshindwa zaidi kuiacha kazi. Sasa fikiria kundi la WhatsApp la idara, ambalo bosi huandika saa nne usiku "habari za jioni wapendwa" na kufuatisha jedwali. Kulinyamazisha kundi hilo hadi asubuhi hakugharimu shilingi. Na madhara ya kazi isiyokoma hayaishii kwenye hisia: makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yalisema kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki iliambatana na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wanaomchosha mgonjwa ndio wanaompenda. Mama ametoka hospitali jana. Wanawake sita wa jumuiya wanaingia na khanga mbili na sukari kilo tano, wanakaa, wanaomba, wanasimulia habari za wagonjwa wengine waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Saa moja inapita, mgonjwa anainuka kwenda jikoni kuweka chai kwa sababu hawezi kuona wageni wamekaa mikono mitupu. Hakuna atakayemzuia kwa ukali, na yeye hatasema. Hapa anahitajika mtu wa pili, wifi au mdogo wake, wa kusema mlangoni: "Karibuni sana. Ana dakika kumi na tano, kisha daktari amesema alale." Kumsingizia daktari ni uongo mdogo ambao mimi nauunga mkono. Mwenyewe naye anaweza kutuma mchango wa harusi kwa simu na kusema, "Shangazi, niwieni radhi, mwaka huu nitakuwa nanyi kwa mchango na dua." Shangazi atanuna. Shangazi hununa pia kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sitaki ieleweke kwamba kupona ni kukataa tu. Kampala, katika hospitali ya Mulago, madaktari walichukua watu waliomaliza dawa za TB lakini wakabaki na mapafu yenye makovu, wakawapa mafunzo na mazoezi yanayosimamiwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanatembea umbali mrefu zaidi kuliko walipoanza. Hawakuhitaji vifaa vya bei mbaya. Kila mmoja alianzia kwenye kiwango chake, mbele ya mtu anayejua kuangalia.

Tofauti kubwa iliyobaki ni nani anaruhusiwa kuwa na kiwango chake. Uholanzi, kulikofanyika lile jaribio la baiskeli, mwajiri hulipa angalau asilimia 70 ya mshahara wa mfanyakazi mgonjwa kwa hadi wiki 104, na wote wawili wanalazimika kuandika mpango wa kurudi kazini. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kenya, kima cha chini cha Sheria ya Ajira ya 2007 ni siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kwa mwaka. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana hata moja. Kwao ruhusa ya kuugua ni kutokula siku hiyo. Kwa mama lishe mpango wa kurudi kazini unaweza kuwa kigoda cha kukalia wakati wa kukata mboga, binti wa jirani wa kubeba ndoo, na kufungua siku nne badala ya sita, kama tu upatu wa kikundi chake utakubali kumpa zamu mapema. Na yule mwalimu wa darasa la tatu hahitaji sheria mpya. Anayepanga ratiba ni mwalimu wa taaluma, na kuhamisha vipindi viwili vya mchana kwenda asubuhi ni kazi ya kalamu na dakika chache.