Una Deni la Nani? Kazi na Wateja katika Bichi ya Sori

Lami inayoanzia Rodi Kopany, kaunti ya Homa Bay, hupita Ndhiwa na kuishia ziwani, Sori, kwenye ghuba ya Karungu upande wa Migori. Anayeshuka hapo kutafuta kazi hahitaji bahasha ya kaki. Mwenzake anayeingia kazi ya serikali hulipia karatasi: cheti cha mwenendo mwema cha polisi peke yake ni shilingi 1,050, na bado kuna foleni ya vibali vingine. Ziwani hakuna anayetaka kuona vyeti. Nahodha huuliza kwanza unajulikana na nani, kisha, kwa sauti ya chini kidogo, una deni la nani.

Swali hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Ajira nyingi za ufuoni zimejengwa juu ya mkopo, na mtu asiyejua ramani ya madeni ya bichi anaweza kufanya kazi miaka mitano bila kujua mwajiri wake hasa ni nani.

Kwa mujibu wa sheria, mlango wa kuingilia ni kitengo cha usimamizi wa ufuo, ambacho kila mtu hukiita BMU. Kanuni za mwaka 2007 ziliwaweka katika rejista moja wenye mashua, wavuvi, wachuuzi na mafundi wa nyavu. Mvuvi anayehama bichi hutakiwa kuja na barua ya utambulisho kutoka BMU ya kwao. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Usiku, mlango halisi ni pengo: mtu mmoja ameugua au ameenda mazishini, na mashua ya omena, dagaa wa ziwani, haiwezi kutoka na mkono mmoja pungufu. Kijana aliyekuwa akizunguka karibu, akisaidia kubeba betri na kukunja nyavu bila kudai kitu, ndiye huitwa. Akivuta wavu vizuri usiku huo bila kulalamika baridi, ataitwa tena. Wengi walianza hivyo, wakiwemo wenye vyeti vya ualimu wanaosubiri kuajiriwa na tume ya walimu, TSC.

Hesabu hufanywa asubuhi, mara nyingi kwenye daftari la shule lililokunjika kwa unyevu. Tuseme mashua ya omena yenye watu wanne imeuza kwa shilingi 12,000. Kwanza hutolewa gharama: petroli ya injini, kuchaji betri za taa, chakula, ushuru wa bichi. Tuseme zote ni 4,000. Zilizobaki ni 8,000. Mgao hutofautiana kutoka bichi hadi bichi, ila panapogawanywa nusu kwa nusu, mwenye mashua na nyavu huchukua 4,000 na wale wanne hugawana 4,000, elfu moja kila mmoja. Kwa usiku mmoja si haba. Lakini mgao huo haujakatwa deni.

Na deni lazima liwepo, kwa sababu ya jinsi kazi yenyewe ilivyo. Omena huvuliwa kwa taa, na taa haivutii samaki mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa mashua hulala mchangani. Mvua ikinyesha mfululizo, omena iliyoanikwa haikauki, huharibika rangi na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Halafu kuna msimu wa kufungwa: Kenya huzuia uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Ni miezi minne, na ndani yake shule hufunguliwa na karo hudaiwa.

Katika siku hizo mvuvi humwendea mwenye mashua. Hupewa 3,000, baadaye 5,000, bila riba na bila mkataba. Haonekani kama mkopeshaji, huonekana kama mzee mwenye roho nzuri, na mara nyingi kweli anayo. Ila kuanzia hapo mvuvi hawezi kupanda mashua nyingine. Akionekana kwenye mashua ya jirani kabla hajalipa, kesi hupelekwa BMU, na sifa yake huharibika kutoka Sori hadi Muhuru Bay kwa simu mbili tu.

Kuna sheria inayomgusa mvuvi huyu, ingawa si wengi wanaoitaja bichini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Tatizo ni kwamba mvuvi anayelipwa kwa mgao hajioni kibarua. Hujiona mshirika. Hugawana faida, na ziwa likikataa hugawana hasara. Hujikuta mshirika siku ya hasara na kibarua siku ya kufanya maamuzi, na wanaochoshwa na kazi hii huchoshwa zaidi na hali hiyo ya katikati kuliko na baridi ya usiku.

Upande wa mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hili, mambo ni mazito zaidi, maana huko deni hupanda hadi kwa mteja. Mbuta huuzwa kwa kilo kwa mawakala wanaokusanyia viwanda, na viwanda huuza minofu nje ya nchi. Wakala humpa mwenye mashua nyavu, mafuta na barafu. Malipo yake ni ahadi moja: samaki wote waje kwangu.

Hesabu ya ahadi hiyo ni vyema ifanywe polepole. Chukua mfano wa nyavu za shilingi 30,000 zilizotolewa kwa mkopo. Wakala hadai riba, ila hununua kilo kwa shilingi 30 chini ya bei ya mnunuzi asiyemdai mtu. Mashua ikileta kilo 40 kwa wiki, tofauti ni shilingi 1,200. Baada ya wiki 25 mwenye mashua ameshapoteza 30,000, bei kamili ya zile nyavu, na deni la awali bado liko pale pale halijaguswa. Hakuna aliyemdanganya. Bei ilitajwa kila asubuhi mbele ya watu.

Mzani nao una siasa zake. Sheria hairuhusu mbuta walio chini ya sentimita 50, na samaki aliyechelewa barafu hupunguziwa bei. Mvuvi huru akiambiwa "hii imelegea" hubeba samaki wake akatembea hatua ishirini hadi kwa mnunuzi mwingine. Mwenye deni husimama hapo hapo, akatazama mshale wa mzani, akakubali.

Hata hivyo ingekuwa uonevu kumchora wakala kama mnyonyaji tu. Nyavu huibwa ziwani, tena usiku mmoja, na wizi huo humwacha wakala na deni lisilolipika. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kufuatia habari za watu kuvua kwa sumu, viwanda vilisimama na kila aliyekuwa amekopesha kwenye mnyororo huo alibaki na daftari mkononi. Benki hazikuja ufuoni kuchukua nafasi ya wakala. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, jambo zuri, lakini mkopo wake wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 na hulipwa ndani ya siku 14. Injini ya mashua haijilipi kwa siku 14. Wakala anajua hivyo, na subira yake ndiyo bidhaa anayouza.

Wanawake wanaonunua omena na samaki wa kuchuuza wako upande mwingine wa mzani huo huo, na kwao gharama imekuwa kubwa kuliko pesa. Samaki wakiwa haba, anayepata ni yule mwenye uhusiano na mvuvi, na katika bichi nyingi za Nyanza uhusiano huo ulikuja kudaiwa kwa mwili. Huitwa jaboya. Mjadala wa jaboya ulizoea kuwa wa maadili na Ukimwi, wakati kiini chake ni biashara: mwanamke hana mashua, kwa hiyo hana uhakika wa mali. Wanawake wa bichi ya Nduru, Nyakach, kaunti ya Kisumu, walilielewa hivyo mwaka 2011 walipoanzisha kikundi cha No Sex for Fish na kupata mashua zao wenyewe. Waliwaajiri wanaume wavue, wao wakawa wenye mashua. Mradi ulionyesha kwamba uhusiano hubadilika mmiliki akibadilika. Ulionyesha pia udhaifu wake: mashua huoza na kuhitaji matengenezo, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika kupita kiasi kilichozoeleka, kijiji chenyewe kiliingia majini.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imefanya mengine kimyakimya. Mnunuzi aliye Kisumu hutuma pesa ya mafuta jioni na kupokea magunia ya omena kesho yake. Kwa wachuuzi wenye mtaji kidogo hiyo ni njia ya kujiwekea nafasi bila kusimama ufuoni alfajiri. Lakini nayo ni deni, safari hii likienda kinyume: mvuvi ndiye amekopeshwa na mteja, na usiku mbaya ukitokea ndipo mteja hujua amemwamini nani.

Wanaochoka hawaendi mbali sana. Wengine huvuka kwenda kisiwa cha Migingo kufuata mbuta. Wengine hupanda Macalder, ambako mgodi wa shaba ulifungwa miaka ya 1960 na wachimbaji wadogo wa dhahabu wakabaki. Huko hukuta mfumo wanaoufahamu: mwenye shimo hulisha wachimbaji hadi mawe yapatikane, mwenye karasha husaga, na mchanga uliosagwa, ambao bado una dhahabu ndani yake, mara nyingi hubaki kwake. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwapa njia ya kupata kibali, ila kibali hakimlishi mtu wiki tatu za kuchimba kabla ya kupata kitu.

Njia nyingine iko upande wa Homa Bay. Tangu mwaka 2016 hivi kampuni ya Victory Farms imekuwa ikifuga ngege kwenye vizimba huko Roo, Suba Kusini, na kuwauzia kina mama samaki kupitia vituo vyake katika miji mbalimbali. Huko mfanyakazi ana zamu na mshahara, na mwezi mpevu haumhusu. Wavuvi wa zamani huiona kazi hiyo kama kupoa: hakuna usiku wa bahati wa kurudi na mashua imejaa. Wake zao, wanaopanga karo, huwa na maoni tofauti.

Kwa anayebaki, kuhama mashua kuna utaratibu wake. Kwanza hujua deni lake ni kiasi gani hasa, jambo ambalo wengi hawajui kwa sababu daftari liko kwa mwingine. Pili hulilipa mbele ya mwenyekiti wa BMU au mzee anayekubalika na pande zote, si kwa kunong'onezana. Asipoweza kulilipa, mwenye mashua mpya anaweza kulinunua, na hapo mvuvi amebadilisha bosi bila kubadilisha hali, isipokuwa amejadiliana upya mgao wakati huo huo. Wakati mzuri wa kujadiliana ni wiki ya mwisho ya Julai. Marufuku ya omena huisha, mashua zote hutaka kutoka Agosti mosi, na mikono yenye uzoefu haitoshi. Nahodha ambaye Mei hakupokea simu huanza kupiga mwenyewe. Aliyevuka miezi minne kwa kulima mtama, kuendesha boda au kushona nyavu za watu, bila kukopa kwa mwenye mashua, huulizwa anataka mgao gani. Aliyekopa huambiwa tu saa ya kutoka.