Ulipima?

Leo nataka kuwaeleza kazi moja ambayo wengi wataiita mchezo wa watoto: kutia sauti na viungio vipya kwenye treni za mfano zilizotumika. Mimi nilisoma umeme kule Lubumbashi, mji ambao reli iliufikia mwaka 1910, na nilikomaa nikisikia honi ya treni. Nilipofika hapa Marekani nikapata kazi ya siku za posho katika duka dogo la kutengeneza treni hizo. Nikajiambia: diploma iko, nitashindwa wapi?

Nilishindwa siku ya tatu.

Papa mmoja mustaafu wa reli alileta mashini ya dizeli ya zamani, ya kipimo cha HO. Maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87: mashini ya kweli ya mita 17 inakuwa karibu sentimita 20. Mjukuu wake alikuwa anakuja, naye alitaka mtoto asikie kazi ambayo babu alikuwa anafanya.

Sauti inatoka wapi? Katika mfumo wa zamani, ukiongeza umeme kwenye reli, mashini inakimbia, ukipunguza, inasimama. Ukiweka mashini mbili, zote zinakwenda pamoja. Mfumo wa DCC, ambao chama cha NMRA kiliufanya kuwa kiwango miaka ya 1990, uko tofauti. Umeme wa reli unakaa ule ule wakati wote, lakini unabeba amri. Ndani ya kila mashini kuna kibao kidogo, dekoda, chenye namba yake. Kinasikia amri yake tu, kinaendesha mota, kinawasha taa. Kikiwa cha sauti, kinacheza pia sauti za injini, honi na kengele, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwenye mashini za kweli.

Sasa, hapa ndipo nilianguka. Waya nyekundu na nyeusi zinaleta umeme kutoka reli mpaka dekoda. Ya rangi ya chungwa na ya kijivu zinatoka dekoda kwenda mota. Lakini katika mashini nyingi za zamani, upande mmoja wa mota unagusa chuma cha shasi, na shasi inabeba umeme wa reli. Kwa mfumo wa zamani si shida. Kwa dekoda ni kifo, juu umeme wa reli unaingia kwa mlango wa kutokea. Mimi niliunganisha rangi zote sawa na karatasi ilivyosema. Nikawasha. Moshi kidogo, harufu, basi. Dekoda ya karibu dola 100 imekwisha, na feza ilitoka kwangu.

Mwenye duka hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ulipima?" Ningejibu nini? Sheria ya Ohm niliijua tangu sekondari. Nilichokosa ni kuinua mkono kuchukua mita iliyokuwa mbele yangu.

Tangu siku ile nafuata mpango huu. Kwanza, safisha magurudumu, toa mafuta yaliyoganda, endesha mashini kwa umeme wa kawaida. Isipokwenda vizuri bila dekoda, haitakwenda vizuri nayo. Pili, shika mota isizunguke kwa muda mfupi tu, upime ampea inazokula. Zikipita uwezo wa dekoda, usiendelee. Tatu, tenga mota na shasi, kisha pima tena: kati ya mota na magurudumu kusipite umeme hata kidogo. Nne, jaribu dekoda kwenye reli ya kuandikia namba, yenye umeme mdogo, ili kosa lionekane kabla ya moshi.

Tano, spika. Iko ndogo kama kipande cha sukari, nayo lazima ikae ndani ya kiboksi kilichozibwa vizuri. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Bila kiboksi, mawimbi ya nyuma yanaua ya mbele, na injini kubwa inalia kama mbu.

Halafu viungio, vile vinavyoshika behewa. Vya zamani ni ndoano za plastiki zinazosukumana upande. Ukirudisha treni nyuma, behewa linaruka nje ya reli. Tunaweka vya chuma vinavyofunga kama vidole vilivyokunjwa, kama Kadee Namba 5, na tunapima urefu kutoka reli kwa kifaa chake. Kimoja kikiwa chini kidogo, treni inakatika njiani.

Nililipa dekoda, nikafanya kazi upya. Papa aliporudi nilikimbilia kumsikilizisha honi. Yeye akasema ngoja. Alichukua behewa, akalisukuma taratibu mpaka likashika. Akavuta. Likakaa. Ndipo akaomba honi.

Akanieleza sababu. Zamani wafanyakazi wa reli walisimama kati ya mabehewa kutia pini kwa mkono, na wengi walipoteza vidole au maisha. Eli Janney alipata hataza ya kiungio kinachojifunga mwaka 1873, lakini sheria ya kulazimisha viungio vya namna ile Marekani ilikuja 1893 tu. Miaka 20 dawa iko, watu wanaendelea kuumia. Mwenye kujua ile historia hawezi kuanza na honi.

Wandugu, wengi wetu tunatengeneza vitu vilivyotumika: simu, jenereta, kompyuta. Mteja anaomba sauti, na sisi tunataka kumuonyesha kama tulisoma. Tupime kwanza. Diploma yangu haikuzuia ule moshi. Mita ya mezani ingeuzuia.

Na wewe, ni kitu gani ulisha kuunguza juu hukupima? Tuambie.