Makaburi ya Dar es Salaam Yanavyopoteza Majina

Kunduchi, kandokando ya bahari, yapo makaburi ya karne ya 18 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Mengine yana nguzo zilizopachikwa sahani za kaure za China. Sahani nyingi zimeng'olewa, lakini nguzo zingalipo, na maandishi ya Kiarabu ya makaburi ya pwani yalikwisha kuorodheshwa na Freeman-Grenville na Martin mwaka 1973. Ukirudi mjini, kwenye makaburi ya Kinondoni au ya Wailes kule Temeke, mjukuu anayetafuta kaburi la babu aliyezikwa miaka ya 1970 anaweza kukosa hata alama.

Umri si sababu. Msalaba wa mbao huliwa na mchwa, rangi ya kibao hupauka, na chuma huibwa kikauzwe kama chakavu. Jiji nalo limefurika: mwaka 1967 lilikuwa na watu wasiofika laki nne, sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Makaburi yakijaa, wapya huzikwa juu ya wa zamani. Waislamu wengi hawaandiki kaburi kwa sababu ya imani, huridhika na mashahidi wawili, yaani alama za kichwani na miguuni. Wenye uwezo husafirisha maiti hadi Moshi au Bukoba, hivyo ukoo mmoja hubaki na makaburi katika mikoa miwili.

Kwa mtafuta nasaba, hasara haiishii kwenye jina na tarehe. Nani kalazwa ubavuni mwa nani ni ushahidi pia: mke wa pili, mtoto aliyekufa mchanga, shangazi asiyetajwa tena. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inaruhusu makaburi yaondolewe kwenye ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Mifupa huhamishwa; mpangilio ule hupotea.

Kuhamisha peke yake, hata hivyo, hakufuti majina. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliondolewa Ocean Road kupisha barabara, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyoko Barabara ya Bagamoyo. Majina yalisalimika kwa kuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikuwa na daftari. Wapagazi wa vita hiyohiyo, ambao kambi yao iliipa Kariakoo jina, wengi hawakuandikwa. Ripoti ya Tume hiyo ya 2021 ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo kujenga makaburi kwa marumaru hakutoshi. Kinachohitajika ni daftari: parokia zitunze vitabu vya mazishi, misikiti iandike nani kazikwa wapi hata kama kaburi halina maandishi, serikali za mitaa zipe makaburi namba, na familia zipige picha vibao vinavyosomeka pamoja na makaburi ya jirani. Wazee wanaoweza kuonyesha makaburi yasiyo na alama ndio waanze kuulizwa.