Kikao cha walimu kianzie kwenye daftari la mtoto

Mwalimu anaweza kufundisha miaka 30 asionwe na mwenzake akiwa darasani hata mara moja. Wanaoingia ni mwalimu mkuu na mthibiti ubora, nao huja kukagua. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliueleza upweke huu mwaka 1975, lakini hata asingeueleza, ofisi yoyote ya walimu ingeushuhudia: mikopo na uhamisho huzungumzwa kutwa, ila ni nadra kumsikia mtu akikiri kuwa somo la jana limemshinda. Kwa muda mrefu dawa ilikuwa semina. Wachache waliitwa mjini, wakapewa mada na posho, wakarudi kuwafundisha wenzao, na kila ngazi ikadondosha kitu njiani. Ndiyo maana Tanzania imeyasogeza mafunzo shuleni kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji, shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu.

Uamuzi huo ni sahihi, lakini kukutana peke yake hakumfaidii mwanafunzi. Mapitio ya tafiti 11, karibu zote za Marekani, yaliyochapishwa na Vicki Vescio na wenzake mwaka 2008, yalionyesha kuwa matokeo ya wanafunzi hupanda pale walimu wanapoyashikilia mazungumzo yao kwenye kujifunza kwa watoto. Tuchukue mfano mdogo. Mwalimu wa darasa la tatu analeta kikaoni madaftari ya hesabu: 52 kutoa 38. Jibu ni 14, lakini wengi wameandika 26. Akiwa peke yake ataweka mkasi na kusema hawakusikiliza. Wenzake wakiyaangalia pamoja naye wataona kuwa watoto wamefuata kanuni waliyojitungia: kila safu, toa ndogo katika kubwa. Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili. Tatizo si uzembe, ni kutoielewa thamani ya nafasi, na kurudia zoezi lilelile hakutalitibu. Kikao sasa kina kazi: kupanga somo jipya la vijiti vilivyofungwa kumikumi, mmoja alifundishe, wengine wakae nyuma wakiwatazama watoto wanavyofungua fungu, kisha walirekebishe.

Wajapani wamefanya hivi kwa vizazi, na James Stigler na James Hiebert waliwajulisha Wamarekani utaratibu huo katika kitabu chao cha mwaka 1999. Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba andalio la somo huwa mali ya kundi. Somo likienda mrama, linalojadiliwa ni andalio, na aliyesimama mbele hana cha kuonea aibu. Mwalimu mkuu anayegeuza kikao hicho kuwa cha kutafuta wazembe atakuwa amekiua siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema muda hautoshi, na mwenye darasa la watoto 90 ana haki ya kulalamika. Lakini andalio ni lazima liandikwe hata hivyo, na matangazo yanayomeza vikao vingi yangetosha kubandikwa ubaoni. Pingamizi zito zaidi ni jingine: je, walimu wasioielewa mada wenyewe hawatafundishana makosa? Watafundishana. Jumuiya haizalishi maarifa ambayo hakuna mwanachama aliye nayo, na ndiyo sababu Wajapani humwalika mjuzi kutoka nje. Huku kwetu moduli nzuri na mwezeshaji anayeijua hesabu ni sharti, na mwalimu wa fizikia aliye peke yake shuleni anahitaji wenzake wa shule za jirani kuliko kikao cha walimu wa masomo mchanganyiko.

Lililobaki ni jinsi jumuiya hizi zinavyosimamiwa. Taarifa ikidai idadi ya vikao na sahihi za mahudhurio tu, shule zitapeleka hivyo hivyo, hata kama hakuna daftari lililofunguliwa. Afisa elimu kata angeomba vitu viwili: andalio kabla ya kurekebishwa na baada yake, pamoja na madaftari matano ya watoto waliofundishwa kwa yote mawili.