Kapata: baridi ya usiku inasumbua kayaki ya mbao

Kwa mtu wa Kapata anayejitengenezea kayaki ya mbao ili avue kwenye ziwa Nzilo, mwezi wa sita ni mzuri na ni mbaya. Mvua imekatika, mbao zimekauka. Lakini Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1400, na usiku ni baridi. Chini ya digrii 10, epoksi nyingi zinachelewa sana kushika.

Kazi ni kutandika kitambaa cha nyuzi za vioo juu ya mbao na kukilowesha kwa epoksi mpaka weupe wake upotee. Panapobaki peupe, gundi haikuingia. Saa nzuri ni jua linapoanza kupungua. Asubuhi, mbao zikipata joto, hewa ya ndani inapanuka na kuinua mapovu chini ya kitambaa. Lakini atakayechelewa atakutwa na baridi gundi ikiwa bado laini.

Aliyezoea poliesta ya karoseri za magari atadanganyika hapa. Kule, kuongeza kidogo dawa ya kugandisha kunaharakisha. Kwa epoksi kunaharibu kazi: kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo. Na mbao mbichi zisifunikwe kamwe, maji yaliyofungiwa ndani yanaendelea kuziozesha.

Wakati wa kusugua, maski ni lazima. Vumbi la migodi linatosha mapafu ya Kapata. Mwisho ni rangi au vanishi, kwa sababu jua linakula epoksi iliyoachwa wazi.