Kiwambo na Kanieneo: Maelezo juu ya Regulata ya Petroli

Barabara itokayo Korogwe, penye bonde la Mto Pangani, kwenda Handeni hupanda na kushuka vilima, na mguu wa dereva hautulii juu ya pedeli. Kila akanyagapo, hewa iingiayo katika injini huongezeka, na petroli haina budi kuifuata. Kazi hiyo yategemea kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita regulata. Kiswahili cha vitabu chaweza kukiita kidhibiti, kirekebishi au kisawazishi. Lakini jina lifaalo haliwezi kuchaguliwa kabla ya kufahamu kazi yenyewe.

Katika magari ya mbio yenye bomba la kurudishia petroli tangini, regulata ina kiwambo ndani yake. Neno hili latokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Upande mmoja wa kiwambo hupita petroli isukumwayo na pampu. Upande wa pili mna springi, na mpira mwembamba huunganisha chumba hicho na bomba la hewa la injini. Petroli ikizishinda nguvu za springi na hewa kwa pamoja, kiwambo huinuka, vali hufunguka, na ziada hurudi tangini. Hapo maana ya kanieneo huonekana wazi: ni kani juu ya eneo, na kiwambo ndicho eneo lenyewe.

Asikiaye kidhibiti aweza kudhani kwamba kanieneo ya petroli hushikwa isibadilike. Sivyo. Kisichobadilika ni tofauti kati ya petroli na hewa. Tuseme springi imewekwa kwa kilopaskali 300. Injini ikiunguruma gari limesimama, hewa bombani huwa, mathalani, kilopaskali 60 chini ya hewa ya nje, na geji ya petroli husoma 240. Tabo ikisukuma hewa hadi kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje, geji husoma 400. Mara zote mbili tofauti ni 300, na nozeli hutoa petroli ile ile kwa muda ule ule wa kufunguka.

Basi fundi aonaye 240 akadhani kifaa kimeharibika atatupa kilicho kizima. Tena, mpira ukichomoka wakati tabo inasukuma, tofauti hushuka hadi 200, petroli hupungua kwa karibu asilimia 18, na pistoni zaweza kuungua. Petroli ikionekana ndani ya mpira huo, kiwambo kimepasuka.

Kwa sababu hizo kisawazishi lafaa kuliko mengine: kudhibiti ni kushika, kurekebisha ni kutengeneza kilichokosewa, bali kusawazisha ni kuweka vitu viwili katika uwiano wake. Neno regulata halina kosa gerejini, kwani halidai kueleza kitu. Jina lidailo kueleza ndilo lipaswalo kueleza kweli.