MKULIMA NA KIKOMBE CHA KAHAWA MJINI NAIROBI

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mithali hii husemwa sana madukani, lakini yafaa isemwe pia shambani, hasa katika mashamba ya kahawa. Huko Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, Embu, Meru na Kisii wako maelfu ya watu wajuao sana kupogoa miti ya kahawa, kuitilia mbolea na kuipigia dawa, lakini ambao hawajaketi hata mara moja mahali kahawa inapouzwa kwa kikombe. Asubuhi nyumbani kwao huchemshwa chai. Kahawa huchumwa, hupelekwa kiwandani, na habari yake huishia hapo mpaka siku ya malipo.

Mkulima wa namna hiyo ajapo Nairobi kwa shughuli zake, yafaa atenge saa moja aingie katika mkahawa wa mjini. Si kwa anasa, wala si kwa kujionyesha, bali kwa sababu huko ndiko safari ya zao lake inakokomea.

HOTELI NA MKAHAWA

Mtu wa shamba aingiapo Nairobi huijua kwanza hoteli. Katika Kenya neno hili halina maana ya mahali pa kulala tu. Kila nyumba ndogo yenye meza, mabenchi na sufuria kubwa ya chai huitwa hoteli. Ziko nyingi River Road, Gikomba na karibu na vituo vyote vya mabasi. Humo chai hupikwa kwa maji, maziwa, majani na sukari pamoja, nayo huliwa kwa mandazi au chapati. Saa za mchana makarani, mafundi na wachukuzi huketi meza moja, huyu na ugali na sukuma wiki, yule na chapati na maharagwe, na mgeni hujibana kwenye benchi bila kuulizwa anatoka wapi. Ni mahali pa heshima, na watu wengi wamepata habari za kazi humo kuliko katika ofisi.

Lakini kahawa ni shida kuipata katika hoteli hizo. Jambo hili lina sababu yake. Majani ya chai, yaliyopandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, yaliuzwa baadaye madukani katika vipakiti vidogo vya bei rahisi, nayo yakapatana vizuri na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Kahawa ilipandwa ili ipelekwe ng'ambo.

Pwani mambo yalikuwa mbali na hayo. Huko kahawa ilikuwa kinywaji cha watu tangu zamani, kabla haijapandwa mti mmoja bara, maana ililetwa na majahazi kutoka Arabuni. Neno mkahawa lenyewe limezaliwa na kahawa. Katika Mji wa Kale wa Mombasa muuza kahawa hupita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wasikie, na wazee barazani huinywa chungu, yenye tangawizi, kwa tende au kashata. Kwao kahawa na mazungumzo ni kitu kimoja.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Vijana wa leo wanaoingia katika mikahawa ya mjini bila kufikiri yawapasa kukumbuka kwamba mlango huo haukuwa wazi siku zote. Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa zaidi ya miaka hamsini mikahawa mizuri ya katikati ya mji ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu ya kazi, akachukua sinia. Kahawa aliyoipeleka mezani hakuruhusiwa kuketi kuinywa.

Wala hakuruhusiwa kuipanda apendavyo. Walowezi walishikilia kwamba mashamba madogo ya Waafrika yangeleta magonjwa na wizi wa kahawa. Nao walihofia pia kwamba mtu mwenye kahawa yake hangetoka kwenda kuwafanyia kazi. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu majaribio machache katika Kisii, Embu na Meru. Kilimo hicho kilifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo, uliotolewa mwaka 1954. Hivyo Mwafrika alizuiwa kahawa mara mbili, shambani na mezani.

Kizuizi cha mezani kilianza kulegea katika miaka ya mwisho ya 1950. Mwaka 1959 hoteli ya New Stanley ilifungua mkahawa wa Thorn Tree, uliopewa jina la mti wa miiba, ambapo wasafiri walibandika barua zao ili wenzao wazikute. Uhuru ulipofika mwaka 1963, sheria haikumzuia mtu tena. Kilichobaki ni bei na mazoea. Mwaka 1999 duka la kwanza la Java House lilifunguliwa Adams Arcade, katika barabara ya Ngong, na tangu hapo mikahawa ya kahawa imeenea katika mji wote na kuvuka mpaka hata Uganda.

HESABU YA KIKOMBE

Sasa na tulifungue daftari. Kilo 7 hivi za matunda mekundu, yakiisha kumenywa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, hutoa kilo 1 ya buni safi. Buni ikikaangwa hupungua uzito, ikabaki gramu 850 hivi. Kikombe kimoja cha kahawa nzito katika mikahawa ya siku hizi huchukua gramu 17 hivi. Basi kilo 7 za matunda ni vikombe 50.

Katika miaka ya 2010, na hata mwanzo wa miaka ya 2020, mkulima aliyelipwa shilingi 100 kwa kilo ya matunda alijiona amepata bei njema. Kwa bei hiyo kilo 7 zilimpa shilingi 700. Vikombe 50 vikiuzwa shilingi 200 kila kimoja, na mikahawa mingi mikubwa hutoza zaidi, jumla ni shilingi 10,000. Kwa hiyo katika kila shilingi 200 zinazolipwa mezani, sehemu ya mkulima ni shilingi 14.

Haifai kukurupuka na kusema kwamba mwenye mkahawa ni mwizi. Katika shilingi hizo mna maziwa, sukari, kodi ya nyumba, ushuru, umeme, mashine ya bei kubwa, na mishahara ya vijana wanaohudumu, ambao wengi wao ni watoto wa wakulima hao hao. Hata hivyo hesabu hii huonyesha wazi kwamba faida haikai katika tunda. Iko katika kazi zinazofanywa baada ya tunda kuondoka shambani. Baadhi ya vyama vya ushirika vimekwisha kutambua jambo hilo, navyo vimeanza kukaanga na kufunga sehemu ya kahawa yao wenyewe.

WANAOIONJA

Liko na jambo la pili, kubwa kuliko fedha. Kabla ya kahawa kuuzwa mnadani Nairobi, waonjaji huikaanga kidogo, huisaga, huimwagia maji ya moto, kisha huivuta kwa kijiko kwa sauti kubwa na kuitema. Kwa ulimi huo hujulikana kama ilichumwa ikiwa mbichi, kama ilikaa mno katika birika ikachacha, au kama ilioshwa kwa maji machafu. Alama AA, ambayo wakulima wengi huitaja kwa fahari, husema ukubwa wa punje tu. Utamu hujulikana mdomoni.

Basi dalali ameionja, mnunuzi ameionja, mkaangaji ng'ambo ameionja, na mnywaji wa London au Hamburg ameionja. Aliyeipanda peke yake ndiye ambaye hajaionja. Karani wa kiwanda anapomrudishia matunda mabichi yaliyochanganywa na mekundu, mkulima hudhani ameonewa, kwa sababu hajapata kukutana na ubaya wa ladha ile. Na matunda mabaya ya mtu mmoja huharibu birika zima la majirani.

JINSI YA KUINGIA

Mgeni asiogope. Akifika mlangoni atazame kama mahali ni safi, kisha aketi na kuomba orodha ya vinywaji na bei. Asione haya kuuliza bei kabla ya kuagiza. Hiyo ndiyo desturi ya watu wenye akili. Majina ya kigeni ni mengi, lakini mengi ni kahawa na maziwa kwa vipimo mbalimbali. Mkulima aagize kahawa tupu. Kijana akimwuliza, "Mzee, nikuwekee maziwa?" amjibu, "Ngoja kwanza, kijana wangu, niionje yenyewe." Maziwa na sukari huficha mengi.

Kisha aulize kwa upole mambo matatu: kahawa hii imetoka kaunti gani, imekaangwa lini, na ni nani aliyeikaanga. Mtumishi asipojua atakwenda kumwuliza mkubwa wake, na mwenye mkahawa aulizwaye hivyo mara nyingi atajifunza kuandika jina la kaunti juu ya orodha yake.

Mambo haya si mchezo. Mwaka 1987/88 Kenya ilivuna kahawa zaidi ya tani 120,000. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mafungu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na katika miaka ya 2010 mavuno yalikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Katika Kiambu mashamba mengi yamegeuka viwanja vya nyumba. Vijana wengi huiona kahawa kuwa kazi ya wazee, isiyo na mwisho unaoonekana.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, mkulima anunue robo kilo ya kahawa iliyosagwa. Siku ya mkutano wa chama ipikwe katika sufuria, imiminwe vikombe vidogo kama wafanyavyo watu wa Mombasa, na kila mwanachama aionje, vijana na akina mama wachumao wakiwa wa kwanza. Kisha ndipo ufunguliwe mjadala wa matunda mabichi.